Nahodha Alivyotuchosha

Nahodha alikuwa anaamsha watu kwa kuwavua blanketi. Hakugonga mlango, hakuita jina, hakusema kumekucha. Anaingia, anashika pindo, anavuta, anatoka nalo nje na kulitundika kwenye kamba ya nguo penye umande. Na hii ni Mbeya, mwezi wa Juni, ukipumua unaiona pumzi yako. Ukilitaka blanketi lako ulifuate, na ukishalifuata umeshaamka. Hata Kocha wetu, mwanaume mpole aliyependa usingizi wake, aliwahi kuamshwa hivyo hivyo. Nahodha alijieleza kwamba Kocha alikuwa amechelewa kama mchezaji mwingine yeyote.

Nikiulizwa ni nani aliyenichosha kuliko wote katika maisha yangu ya mpira, sina haja ya kufikiri. Nilicheza winga ya kulia, yeye akiwa nyuma yangu beki wa kati, misimu mingi, na kambini kwetu Ilomba tulilala chumba kimoja. Ninamtaja kwa cheo chake kwa sababu hakuna aliyemwita vinginevyo. Mama yangu mzazi alimwita Nahodha. Waamuzi walimwita Nahodha. Hata alipovuliwa unahodha, jambo ambalo nitalieleza, aliendelea kuitwa Nahodha, na aliyepewa kitambaa chake, ambaye ni mimi, aliendelea kuitwa "wewe".

Hakuwa na mbio. Washambuliaji wenye mbio walimpita kama basi linavyompita mwenye baiskeli. Alichokuwa nacho ni sauti. Alikupanga kwa sauti, akakurudisha kwa sauti, akakutukana kwa sauti, na mpira ukitoka aliendelea kukueleza ulichokosea mpaka mpira urudi. Nilikuwa nikikimbilia pembeni ya uwanja, mbali naye kadiri chaki inavyoruhusu, na bado namsikia. Siku moja mshika kibendera aliniuliza kwa huruma kama yule dada ni ndugu yangu.

Alikuwa na misemo yake, na misemo yenyewe ilikuwa ya kukufunga mdomo. Ukimwambia una mawazo, atakujibu, "Kichwa ni cha kupigia mpira." Ukilia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, atakwambia uyapeleke machozi bafuni, huko kuna maji ya kuyapokea. Tulipofungwa mabao mengi ugenini na yule mdogo wetu wa kiungo akashindwa kupanda basi kwa kilio, Nahodha alimsubiri mlangoni mpaka akamaliza, akamkabidhi chupa ya maji, akasema, "Sasa panda, umechelewesha watu." Nilitamani kumzaba kibao. Lakini niligundua kwamba safari nzima, kutoka huko mpaka Mbeya, alimwachia yule binti kiti cha dirishani, na dirishani hakuwa akikaa mtu mwingine ila yeye.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kila unapoamua kumchukia moja kwa moja, anafanya kitu kinachokuharibia chuki yako.

Aligombana na mpishi wetu, mama wa Kinyakyusa mwenye subira ya ajabu, kuhusu namna ya kupika maharage. Aligombana na viongozi kuhusu ile wanayoiita kamati ya ufundi. Msomaji anayefuatilia mpira anaijua: ni wale wanaoshughulikia mambo ambayo Kocha hayashughulikii. Siku moja walileta maji ya mganga ya kunawa miguu kabla ya kuingia uwanjani, na Nahodha, msharika wa Kilutheri mwenye sauti ya pili kwenye kwaya, akapita pembeni ya beseni kama anayekwepa tope. Tukafungwa. Ikasemwa ni yeye. Akawajibu kwamba waliofunga bao wana miguu, sisi tulikuwa tumesimama. Maneno ya mtu asiyeamini ushirikina, sivyo? Mtu huyo huyo alikuwa na soksi za mechi ambazo hakuruhusu zifuliwe mpaka msimu uishe. Mimi ndiye niliyelala nazo chumba kimoja.

Na alikuwa anatapika.

Siku ya mechi hakula. Aliteka maji, akajifungia chooni, na sisi tuliokuwa jirani tulisikia. Nilipomuuliza alisema ni maharage. Nilimuuliza tena msimu uliofuata, akasema maharage. Hata siku tuliyokula wali na samaki, alinitazama machoni akaniambia ni maharage. Na mpishi, maskini, alisikia hayo akaanza kuyaloweka usiku kucha, kuyabadilishia maji, kuyapika mara mbili, kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Halafu zikaja asubuhi ambazo blanketi halikuvutwa. Timu nzima ililala mpaka jua likatoka, na kila mtu alifurahi. Mimi nilimwona Nahodha kwenye kitanda cha pili, macho wazi, anatazama dari. Nilimsemesha, akasema anakuja. Hakuja. Mazoezini alifika mwisho, akakimbia kama mtu anayekimbia ndani ya maji, na ile sauti ikawa haitoki. Kumbe unaweza kuitamani kelele. Nilipiga krosi mbovu, nikageuka kusubiri matusi, kimya.

Mwenyekiti wa timu aliniita ofisini. Alifunga mlango, akanong'ona, akaniuliza kama Nahodha ana mimba. Nikasema hapana. Akasema nisimfiche, yeye ni kama mzazi wetu. Nikasema tena hapana. Akashusha pumzi, akasema basi ni mapenzi, mwanamke akishuka kiwango ni moja ya hayo mawili. Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Kijana wa timu ya wanaume akishuka kiwango anapelekwa kupimwa goti. Sisi tunapimwa mimba.

Sasa nieleze siku ya redio.

Tulikuwa Iringa kwa mechi, na redio moja ya mjini pale ikaomba wachezaji wawili waje kwenye kipindi cha michezo cha asubuhi. Kocha akamteua Nahodha kwa sababu ni nahodha, na mimi kwa sababu nilikuwa tayari nimevaa viatu. Mtangazaji alikuwa kijana mchangamfu. Akamuuliza lile swali wanaloulizwa wote: siri ya mafanikio yake ni nini, kudumu misimu yote hiyo bila kuumia. Jibu lake tunalijua sote. Kwanza unamshukuru Mwenyezi Mungu, pili wachezaji wenzako kwa ushirikiano, mechi ni ngumu lakini tumejipanga. Mimi nilikuwa nimeshaliandaa la kwangu.

Nahodha aliisogelea maikrofoni.

"Siri yangu ni kwamba naumwa," alisema. "Natapika kabla ya kila mechi. Silali. Kuna asubuhi naamka natamani nisingeamka. Nimewaambia wenzangu ni maharage, na maharage hayana kosa. Ni kichwa changu. Nimechoka kudanganya."

Aliyasema kwa sauti ile ile anayotumia kupanga ukuta wa faulo. Mtangazaji alinitazama mimi, kana kwamba nina ufunguo wa kumzima. Nilikuwa na maneno yangu ya ushirikiano mdomoni, nikayameza. Yule kijana akasema asante sana Nahodha kwa kufunguka, wasikilizaji tupate kibao kidogo, akapiga wimbo mrefu kuliko nyimbo zote alizokuwa nazo.

Tulipotoka nje nilimkamata mkono. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi kwanza, mimi ninayelala naye chumba kimoja, kabla ya kuuambia mkoa mzima na vijiji vyake. Akafikiri. Akasema kwamba mimi ningemhurumia, na mkoa haukuwa na muda huo. Kisha akasema ana njaa. Tukaingia hoteli ya karibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona akila siku ya mechi. Alikula ugali na nyama, akaongeza ugali, akamalizia na chai. Mimi nilimsogezea na sahani yangu. Mechi yenyewe tulitoka sare.

Kipande kile cha redio kilisambaa kwenye simu kabla basi letu halijafika Makambako. Na hapo ndipo nilipochoshwa na watu wengine wote, nikamwacha Nahodha apumzike kidogo. Wapo waliosema apelekwe Dodoma, kwenye hospitali ya vichaa. Wapo waliosema ni kiki, anatafuta timu kubwa. Wapo walioleta ule utani unaojulikana nchi nzima kuhusu Wahehe na hasira zao za kujinyonga, kwamba mwachieni, Mhehe huyo, ndivyo walivyo. Nahodha kwao ni Kilolo. Matusi ya uwanjani aliyazoea, lakini utani ule ulimwingia. Aliniambia amekua akiusikia na kuucheka pamoja na wanaoucheka, na shangazi yake mmoja alikufa katikati ya kicheko hicho kwa sababu hakuna aliyedhani anahitaji kuulizwa hali.

Wapo pia waliomsifu, nao walichosha. Walimwita shujaa, wakamwalika kwenye semina, wakampa fulana yenye maandishi. Kwenye semina moja mwezeshaji alimwomba awaambie vijana kwamba sasa amepona na ana furaha. Nahodha akasimama akasema hajapona, na chai ya pale ilikuwa ya baridi. Hawakumwalika tena.

Mwenyekiti aliitisha kikao. Alikuwa na njia rahisi ya kutoka: Nahodha aseme alinukuliwa vibaya. Nilimweleza Nahodha usiku mzima kwamba anyamaze tu, atikise kichwa, yapite. Akaahidi. Akaingia kikaoni akarudia kila alichosema redioni, na akaongeza yale ambayo muda wa kipindi haukumruhusu. Mwenyekiti akasema timu haiwezi kuongozwa na mtu ambaye kichwa chake hakiko sawa, maana wapinzani watatucheka. Akamvua kitambaa, akaniita mimi, akanifunga mkononi pale pale kama anayefunga jeraha.

Mechi iliyofuata nilikuwa nahodha. Mwamuzi alipotuita kurusha shilingi, Nahodha alikwenda. Nilimfuata mbio, nikamkuta ameshachagua upande. Tulipopata penalti nilinyoosha mkono kuonyesha mpigaji, na wachezaji wengine wote tisa wakawa wanamtazama yeye. Nilimrudishia kitambaa chumbani nikamwambia sikitaki, kinanibana. Akakikataa. Kikabaki juu ya dirisha letu, hakuna mwenye nacho.

Msimu ulipoisha hawakumwongezea mkataba. Tangazo lilisema ameachwa kwa sababu za kifamilia. Mtu mwingine angeshukuru kwa kufichiwa aibu. Yeye alirudi redioni kwa nauli yake mwenyewe kusema familia yake haina sababu yoyote.

Familia yenyewe ilikuwa imeshakuja. Mama yake alisafiri kutoka Kilolo na gunia dogo la viazi, akaketi kwenye kitanda changu kwa sababu cha binti yake hakutaka kukigusa, akasema kwa sauti ya chini kwamba mambo ya ndani ni ya ndani. "Usitutangaze, mwanangu," alisema. "Nani atakuja kuoa hapa?" Nahodha akamjibu kwamba hata kabla ya redio hawakuwa wamepanga foleni. Mama hakucheka. Alimpeleka kwa mchungaji aombewe, na Nahodha alikwenda bila ubishi, akapiga magoti, akaombewa, akasimama akamwambia mchungaji ahsante lakini dawa haachi. Mama alifunika uso. Mchungaji, mzee wa watu, akasema hata yeye ana vidonge vya presha mfukoni, na bado anahubiri. Ni mmoja wa watu wachache katika habari hii ambao hawakunichosha.

Dawa hizo zilitoka hospitali ya mjini Mbeya, na nilikuwa namsindikiza. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, alimwambia ugonjwa wake unaitwa sonona, akamweleza unavyotibiwa. Nahodha alimsikiliza vizuri, kisha akaanza kupunguza dozi kwa mazungumzo, kama anayenunua nyanya sokoni. Vidonge viwe nusu. Basi viwe vya jioni tu. Basi vya siku zisizo na mazoezi. Daktari alitabasamu na hakushuka hata kidogo. Nilimpenda yule daktari.

Lakini Nahodha alipopata nafuu aliacha kumeza. Hakumwambia mtu. Wakati huo huo alikuwa anapiga simu huku na huku kuwasisitizia wengine wasiache. Maana wengine walikuwepo, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Baada ya redio walianza kuja. Mshambuliaji wa timu pinzani alibadilishana naye jezi baada ya mechi, akamkumbatia na kumnong'oneza kwa muda mrefu mpaka mashabiki wakapiga miluzi. Mkimbiaji wa mbio ndefu, mwanaume mtu mzima mwenye medali, alifika Ilomba akakaa nje kwenye ngazi yetu akishindwa kusema alichokuja kusema. Nahodha alilalamika kila siku. "Mimi si kliniki," alisema, huku anavaa viatu kumpeleka mtu kliniki. Alikaa nao kwenye foleni, akawakaripia waketi wima, akawaambia wakiingia kwa daktari wasiseme maharage.

Siku nilipogundua kwamba dawa zake hazipo kabisa, tuligombana mpaka majirani wakatoka nje.

"Unawaambia watoto wa watu wameze dawa," nilisema. "Za kwako ziko wapi?"

"Zipo."

"Zipo wapi?"

"Famasi."

Nilicheka kwa hasira, nikalia, na safari hii hakunituma bafuni. Alikaa kando yangu akasema alitaka tu kujua kama amekuwa mzima. Kesho yake tulirudi kwa daktari, na alikemewa kwa ile sauti ya taratibu, nikafurahi sana.

Ninachokikumbuka zaidi ya vyote ni Ubaruku. Golikipa wetu alikuwa binti mkimya wa huko, baba yake ana mashine ya kukoboa mpunga. Alifungwa bao la kizembe katika mechi kubwa, akaacha kulala, akaacha kuongea, mwisho akarudi kwao na baba yake akasema mpira basi, atakaa nyumbani mpaka akili imkae sawa. Nahodha wakati huo hakuwa na timu wala cheo, na hakuna aliyemtuma. Akasema tunakwenda. Nilimwomba jambo moja tu njiani, kwamba aniachie mimi niongee na mzee, kwa adabu, pembeni, taratibu. Akasema sawa.

Tulimkuta baba mashineni, kati ya magunia na vumbi la pumba, wateja wamejaa. Nilimwamkia, nikaomba tusogee nje kidogo. Akasema hawezi kuiacha mashine. Nikajaribu kuongea, mashine ikanimeza sauti. Nilikuwa bado namtafutia mzee neno la adabu Nahodha aliponisogeza kwa bega. Alivuta pumzi kama anayepanga mabeki kwenye kona, akapaza sauti yote aliyojaliwa. Na katikati ya sentensi, fundi akazima mashine kubadilisha mkanda.

"...BINTI YAKO ANAUMWA AKILI, BABA, NA UNAMFUNGIA NDANI!"

Ilisikika mpaka barabarani. Baba alisimama na kopo la mchele mkononi, uso umemwiva. Nilitaka ardhi ipasuke, mimi niingie, yeye nimwache. Nahodha mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alionekana kutaka kurudisha maneno.

Mama mmoja mteja, mtu mzima, aliyekuwa amekalia gunia lake, ndiye aliyesema.

"Hospitali gani hiyo mnayompeleka?"

Nahodha akamtajia. Yule mama akauliza kama wanapokea na wanaume, maana mwanawe mkubwa hatoki chumbani tangu mavuno yaliyopita, na wao husema yuko mgodini Chunya. Mzee mwingine akauliza kama inatakiwa barua ya kijiji. Kilipigwa pale kikao ambacho hakikuitishwa na mtu, watu wakiulizana katikati ya magunia, na fundi wa mashine, mkanda mkononi, hakuuwasha mtambo mpaka walipomaliza. Baba alisikiliza. Alimwita binti yake kutoka nyumbani, akamsafisha pumba iliyomwangukia begani, akamwambia aende akafungashe nguo.

Yule binti anadaka mpaka leo, na anadaka vizuri. Njiani kurudi, yeye akiwa amelala kiti cha nyuma, nilimwambia Nahodha kwamba aliniahidi kunyamaza. Akasema alininyamazia, mimi ndiye niliyechelewa kuongea.

Nilimwona kwa mara ya karibuni mwaka huu. Mimi nimeacha kucheza, goti lilinitoa, nafundisha michezo kwenye shule ya msingi. Nilikuwa nimepeleka watoto mashindanoni Iringa, na yalipoisha, wenzangu wakiwarudisha watoto Mbeya, mimi nikapanda gari la Kilolo bila kumwarifu. Nilijua analima viazi na anafundisha timu ya mabinti wa pale kwao. Nilimtarajia uwanjani, ana filimbi, anamtesa mtu.

Nilimkuta mama yake barazani, anamenya viazi. Tuliamkiana kwa Kihehe, kamwene, kamwene, akanishika mikono yote miwili, akanionyesha mlango wa ndani kwa kidevu. Kabla sijaingia walifika akina mama wa kwaya kumfuata Nahodha kwa mazoezi. Nilijiandaa kusikia kwamba amesafiri, au ana malaria.

"Leo haendi," mama alisema, bila kuacha kumenya. "Anaumwa ile ya akili. Imemrudia tangu juzi. Dawa anameza, nimemwona mwenyewe. Njooni kesho mumtazame."

Akina mama wakasema pole, wakauliza kama amekula. Sauti ikatoka ndani, hafifu lakini ya kero.

"Mama, ina jina. Sonona."

"Sonona," mama akawaambia wale wenzake. "Ina jina."

Nilimkuta amelala ameelekea ukutani. Hakugeuka. Nilimsalimia, akaniuliza kwa nini nimekuja siku mbaya. Nikasema siku mbaya zake hazibandikwi ukutani nikaziona. Akasema nikae, nisimhurumie. Nikaketi kwenye kigoda. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, habari za timu, za golikipa, za Mwenyekiti aliyestaafu na sasa anatoa hotuba kuhusu afya ya akili kana kwamba aliigundua yeye, na nilijua hiyo ingemchekesha. Sikuyasema. Nje kisu cha mama kiliendelea na viazi.

"Unakaa vibaya," alisema baada ya muda, bado kaelekea ukutani. "Nimekusikia ulivyoketi. Nyoosha huo mguu."

Nikasema mguu hauna shida.

"Na wewe je?"

Nikamwambia mimi ni mzima. Nina kazi, nina watoto wa shule wananipenda, namshukuru Mungu. Nilisikia mwenyewe jinsi lilivyotoka, moja baada ya jingine, kama majibu ya redioni.

Aligeuka. Ilimchukua nguvu, nikamwona anavyokusanya mwili wake wote kwa ajili ya kugeuka tu. Uso wake ulikuwa umechoka, macho mekundu, na alikuwa ananitazama kama anavyomtazama winga asiyerudi kukaba.

"Nimekuuliza," alisema.

Ningeweza kuondoka. Gari la mwisho la mjini lilikuwa bado. Nilikasirika, nasema kweli: nimesafiri mpaka Kilolo kumtazama mgonjwa, na mgonjwa hajaweza hata kunawa uso, lakini anataka kunipanga. Nikamwambia anachosha. Akakubali kwamba anachosha, akasubiri.

Nikanyoosha mguu. Nikaanza na goti, kwa sababu goti lilikuwa rahisi.